Nyama Zikicheza Mwilini: Ni Uchovu au Ni Maradhi?

(Hii ni nakala ya mazungumzo yaliyofanywa na vijana pamoja na wazazi baada ya Tarawehe. Tumeiacha karibu na vile ilivyosemwa, pamoja na maswali yaliyoulizwa mwishoni.)



Wazazi wetu, ndugu zangu na dada zangu. Mada niliyopewa ni ya afya, na nimeonywa nisiifanye ngumu. Ni juu ya nyama za mwili kucheza zenyewe bila ya mtu kuzichezesha, na juu ya maradhi mazito ambayo watu siku hizi wanayahofia wanapoona hali hiyo. Nakuomba wewe unayesoma usirukie katikati. Nusu ya kwanza ya maneno haya peke yake itakutuliza kupita kiasi, na nusu ya pili peke yake itakutisha bure.

Hakuna mtu hapa ambaye hajawahi kuona jambo hili. Umejilaza, ghafla ukope wa jicho unaanza kuruka. Au shavu la mguu linacheza kama kuna mdudu chini ya ngozi. Au dole gumba linavutika lenyewe, kidogo kidogo, halafu linatulia. Sisi watu wa pwani tumezoea kulifasiri. Jicho likicheza huyu husema atapata mgeni, yule husema atalia. Hizo ni hadithi za barazani, na jicho halina habari na mgeni wako.

Na katika mwezi huu maswali haya huzidi, kwa sababu iliyo wazi. Usiku tunakesha, na kahawa inapita. Usingizi tunaugawa vipande viwili, kabla ya daku na baada ya Alfajiri. Mchana hatunywi maji. Basi mwili uliochoka, uliolala kidogo na kunywa kahawa nyingi, nyama zake hucheza.

KINACHOCHEZA NI NINI HASA?

Msuli haufanyi kazi kwa amri yake. Unangoja amri kutoka juu. Amri hiyo hutoka kwenye ubongo, inashuka kwa waya wa kwanza mpaka ndani ya uti wa mgongo, na hapo inapokelewa na seli nyingine ambayo waya wake unatoka nje mpaka kwenye msuli wenyewe. Kwa hiyo kuna ngazi mbili: seli za juu zilizoko ubongoni, na seli za chini zilizoko kwenye uti wa mgongo na kwenye shina la ubongo. Zote kwa pamoja tuziite neva za mwendo.

Chukua mfano wa stima mtaani. Waya mmoja unaingia kwenye nyumba na kuwasha taa kadhaa kwa mpigo. Seli moja ya chini nayo hivyo hivyo, inaendesha nyuzi nyingi za msuli kwa mpigo mmoja. Kwenye misuli midogo inayogeuza jicho, seli moja huendesha nyuzi chache tu, kumi hivi au chini ya hapo, kwa sababu jicho linataka kazi ya usahihi. Kwenye shavu la mguu, seli moja yaweza kuendesha nyuzi zaidi ya elfu moja.

Sasa ikitokea waya mmoja umejiwasha wenyewe bila amri, nyuzi zake zote zinajikunja kwa pamoja mara moja. Hicho ndicho unachokiona kikiruka chini ya ngozi. Madaktari hukiita fasikulesheni. Mara nyingi hakina nguvu ya kusogeza kiungo, isipokuwa vidole. Mwaka 1938 madaktari wawili waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, Denny-Brown na Pennybacker, waliandika makala ya kutenganisha mchezo huu unaoonekana kwa macho na ule mdogo zaidi wa uzi mmoja mmoja ambao haupatikani ila kwa sindano ya kipimo. Mpaka leo tofauti hiyo ndiyo inayotumika.

Angalia jambo moja hapa. Waya kujiwasha hakukuambii kwamba waya unakufa. Waya mzima hujiwasha pia. Watu wengi hukosea papo hapo.

KUCHEZA KUSIKO NA MARADHI

Kijana mmoja wa miaka ishirini na kitu alinifuata siku moja baada ya Alasiri. Alikuwa amekonda kidogo, macho mekundu. Akaniambia, "Ustadh, mimi nakufa." Nikamuuliza nani kamwambia. Akatoa simu. Kumbe wiki tatu shavu la mguu linamcheza, akaingia kwenye intaneti usiku, akaandika dalili yake, na jibu la kwanza lililomtokea ni ugonjwa wa neva za mwendo. Tangu hapo halali. Na kwa sababu halali, nyama zinazidi kucheza, sasa ni miguu yote na bega. Na kwa sababu zinazidi, hofu inazidi.

Nilimwambia asimame kwa vidole vya miguu. Akasimama. Atembee kwa visigino, akatembea. Achuchumae ainuke bila kushika kitu, akainuka mara kumi. Nikamuuliza kama amewahi kuangusha kikombe, au champali kumvuka mguuni bila kujua. Hapana. Nikamwambia aende hospitali akapimwe damu ili moyo wake utulie, lakini aliyokuwa nayo mimi niliyaona: alikuwa akitafuna miraa mpaka saa tisa za usiku, na mtihani wa chuo ulikuwa mlangoni.

Simdharau. Hofu ile ni ya kweli na inaumiza. Hata madaktari na wanafunzi wa udaktari huipata, maanake wao ndio wanaojua jina la ugonjwa. Lakini lipo jambo lililothibitishwa ambalo nataka mlichukue nyumbani. Kule Mayo Clinic, Marekani, walifuatilia watu 121 waliokuwa na mchezo wa nyama lakini bila ulegevu na bila dosari katika kipimo cha neva. Waliwafuatilia kuanzia miaka 2 mpaka 32. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993. Katika hao 121, waliopata ugonjwa wa neva za mwendo walikuwa wangapi? Hakuna hata mmoja.

Basi vinavyochezesha nyama kwa kawaida ni hivi tunavyovijua: kukosa usingizi, wasiwasi, kahawa na chai ya rangi nyingi, vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu, miraa, mazoezi makali baada ya muda mrefu wa kukaa, maji na chumvi kupungua mwilini. Kuna sababu nyingine zinazotaka daktari ingawa si za kutisha sana, kama tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, au madini ya magnesi na kalsiamu kuwa chini. Hizi hujulikana kwa kipimo cha damu na zina dawa. Na mchezo wa ukope wa jicho peke yake, huo ulioleta hadithi za mgeni, karibu siku zote ni uchovu tu.

UGONJWA WENYEWE

Sasa tuje kwenye upande wa pili. Ugonjwa wa neva za mwendo upo, na ni mzito. Kwa herufi za Kizungu huitwa MND, na aina yake iliyo mashuhuri ni ALS. Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeueleza vizuri mwaka 1869, alipolinganisha dalili za wagonjwa wake wakiwa hai na yale aliyoyaona kwenye uti wa mgongo baada ya kufa. Marekani wengi huuita kwa jina la mchezaji wa besiboli Lou Gehrig, aliyetambuliwa kuwa nao mwaka 1939 na kufariki 1941. Na mwanasayansi Stephen Hawking, ambaye wengi wenu mmemuona kwenye picha akiwa katika kiti cha magurudumu, aliambiwa anao mwaka 1963 akiwa na miaka 21. Yeye aliishi mpaka 2018, lakini msimfanye kipimo, kwa sababu kesi yake ni adimu sana. Walio wengi huishi miaka miwili mpaka mitano tangu dalili ya kwanza. Kiasi cha mmoja katika kumi hupita miaka kumi.

Kinachotokea ni kwamba seli zile za ngazi mbili zinakufa, taratibu, moja baada ya nyingine, wala hazirudi. Kabla ya seli kufa huwa na hasira, kama waya ulioanza kuchubuka, na hujiwasha ovyo. Ndipo nyama zikacheza. Seli ikishakufa, nyuzi zake zinabaki mayatima, na seli jirani iliyo hai huchipua matawi na kuzichukua. Kwa muda, msuli hauonyeshi udhaifu, kwa sababu jirani anabeba mzigo wa mwenzake. Lakini jirani huyo naye ni mgonjwa. Sasa yeye akijiwasha anachezesha nyuzi zake na za yatima, na mruko unakuwa mkubwa. Mwishowe naye anaanguka, msuli unabaki bila wa kuuendesha, unasinyaa, na mchezo wenyewe unapungua. Kwa hivyo katika maradhi haya, nyama kuacha kucheza mahali fulani si lazima iwe habari njema.

Ukifahamu hapo utafahamu kwa nini daktari hashtuki na mchezo peke yake. Yeye anatafuta wenzake. Anatafuta ulegevu na kusinyaa. Mchezo wa nyama katika ugonjwa huu ni mwandani wa ulegevu, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hata hakuuona mchezo. Kilichomleta ni mkono usiofunga vifungo vya kanzu. Daktari ndiye anayemvua shati na kuona mabega na mgongo vikiruka-ruka kila mahali, hata mgonjwa akiwa ametulia kabisa. Ni kweli wapo wachache ambao mchezo uliwatangulia. Lakini hao nao ulegevu huwafuata kwa miezi, haukai miaka bila kuonekana.

Dalili zenyewe zinaanza sehemu moja na kuenea, na mara nyingi bila maumivu. Tazama mambo ya kila siku. Funguo haizunguki mlangoni kwa mkono wa kulia. Champali inateleza mguuni, au ncha ya mguu inakwaruza sakafu na mtu anajikwaa pasipo na jiwe. Kuinuka kutoka sijda kunataka kushika ukuta. Nyama iliyo baina ya dole gumba na kidole cha shahada inazama, panakuwa na shimo, ilhali upande wa kidole kidogo bado umejaa. Alama hii ya mkono kusinyaa upande mmoja madaktari wa neva wanaijua sana. Kwa wengine, kama robo hivi ya wagonjwa au zaidi kidogo, huanza mdomoni: maneno yanakuwa mazito kama ya mtu aliyelewa, na huyo hajawahi kuonja pombe, watu wanamsengenya. Maji yanampalia. Ulimi wake ukiutazama ndani ya mdomo ukiwa umetulia, unacheza kama mfuko wa minyoo na kando zake zimeliwa.

Pamoja na kulegea, kuna ukakamavu, kwa sababu seli za juu nazo zinakufa. Daktari akigonga goti kwa kinyundo, mguu unaruka kupita kiasi. Msuli uliosinyaa na kulegea, halafu ukaruka namna hiyo kwa kinyundo, ni jambo la ajabu kwa anayejua, na ndilo linalomfanya daktari akunje uso.

Na yale ambayo ugonjwa huu hauyafanyi? Hauleti ganzi. Hauleti kuchomwa-chomwa na sindano miguuni; hiyo mara nyingi ni kisukari au upungufu wa vitamini. Macho hugeuka vizuri mpaka siku za mwisho kwa wagonjwa wengi. Haja ndogo huzuilika. Kwa hiyo mtu mwenye nyama kucheza pamoja na ganzi ya miguu ana sababu ya kwenda hospitali, lakini aende akatafutwe jambo jingine.

Umri nao utazame. Wengi hupata baina ya miaka 55 na 70. Chini ya 40 ni nadra, ingawa si muhali, kama tulivyoona kwa Hawking.

KWA NINI TUNACHELEWA

Hata Ulaya na Marekani kwenye mashine za kila aina, tangu dalili ya kwanza mpaka jina la ugonjwa hupita kiasi cha mwaka mmoja. Kwetu huchelewa zaidi, na sababu nyingine ni zetu wenyewe. Mzee akianza kuburuta mguu tunasema ni uzee. Akiendelea tunasema katupiwa kitu. Anazungushwa kwa waganga, anachanjwa, anafukizwa, ng'ombe wawili wanauzwa. Mwaka umekwisha. Sina ugomvi na dua, na mgonjwa aombewe usiku na mchana. Ninayemlaumu ni yule anayechukua pesa za watu na kuahidi kuondoa jini kwenye mkono ambao neva zake zimekufa.

Na kuchelewa kuna hasara kubwa, maanake yapo maradhi yanayofanana na haya lakini yana tiba. Mifupa ya shingo ikibana uti wa mgongo hulegeza mikono na kukakamaza miguu, na yaweza kupasuliwa. Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia neva za mikono, mikono inalegea na kucheza bila ganzi, mfano wa ALS kabisa, na huo hutibika kwa dawa ya kingamwili inayotiwa mshipani. Virusi vya Ukimwi vimewahi kuleta hali kama hii kwa watu wengine, na wapo waliopata nafuu kwa dawa za kupunguza makali. Ndiyo maana daktari akikupima kila kitu usione anakusumbua.

Ndugu zetu wazee watakumbuka polio. Polio nayo huua seli zile zile za chini kwenye uti wa mgongo, lakini yenyewe hupiga mara moja kisha husimama. Mtoto anabaki na mguu mwembamba maisha yake yote, na hauzidi kupanda kila mwezi. Kuna na konzo, iliyoonekana Congo, Msumbiji na hata Tarime nchini Tanzania katika miaka ya 1980, kutokana na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha wakati wa njaa. Konzo hukakamaza miguu yote miwili kwa ghafla kwa kuumiza seli za juu. Nayo haiendelei. Neno la kushika ni kuendelea. ALS haisimami.

Kipimo kikubwa ni kile cha umeme wa misuli, EMG. Sindano nyembamba inaingizwa kwenye msuli na mashine inasikiliza. Inauma kidogo, haiui. Madaktari waliokutana Awaji, Japani, walichapisha mwaka 2008 makubaliano yao kwamba mchezo wa nyama ukionekana kwenye kipimo pamoja na alama nyingine za neva kuumia, uhesabiwe kuwa ushahidi. Zingatieni hilo "pamoja na". Mbali na hicho kuna picha ya MRI ya shingo na ubongo, na damu. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema ndiyo au hapana. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ndiye anayeunganisha yote, na hao kwetu ni wachache, wengi wako miji mikubwa. Hata hivyo barua ya kwanza huandikwa na daktari wa hospitali ya karibu nawe, basi anzia hapo.

AKISHAJULIKANA

Sitawadanganya. Tiba ya kuuondoa haipo. Riluzole, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995, iliongeza maisha kwa miezi miwili au mitatu katika majaribio. Ni kidonge cha miligramu 50 mara mbili kwa siku, tumbo likiwa tupu, na ini hupimwa. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu toferseni, inayochomwa kwenye uti wa mgongo, lakini ni kwa wenye hitilafu ya jeni liitwalo SOD1 tu, nao ni wachache sana katika wagonjwa wote.

Kinachosaidia zaidi ni matunzo. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mashine ndogo ya kusaidia pumzi usiku, yenye kifuniko cha pua au uso, iliwaongezea wagonjwa ambao mdomo na koo bado havijadhoofika sana kiasi cha miezi saba, na wakalala vizuri. Basi mgonjwa akianza kuamka na kichwa kizito kinachouma, au akashindwa kulala chali, mpelekeni akapimwe pumzi. Usimwekee mtungi wa oksijeni kwa shauri la jirani. Kwa mtu ambaye kifua chake kimechoka kusukuma hewa, oksijeni peke yake yaweza kumdhuru.

Mchezo wa nyama wenyewe hauhitaji dawa. Mkakamao wa usiku ndio unaouma, na humo watu hukimbilia kwinini ya dukani, kwa kuwa walisikia inasaidia. Iacheni. Inaweza kuharibu mapigo ya moyo na chembe za kugandisha damu.

Kuhusu saumu, mgonjwa huyu kupungua uzito ni hatari. Wanaokonda haraka hufa haraka, hilo limethibitika. Anataka chakula chenye mafuta na nguvu, kidogo kidogo, mara nyingi, na maji. Wapo wazee wanaoona haya kula mchana wa Ramadhani mbele ya wajukuu, wakalazimisha. Asiyetarajiwa kupona ana ruhusa yake na fidia yake inajulikana, muulizeni sheikh wa msikiti wenu. Ninyi watoto msimwachie yeye aanze mazungumzo hayo. Anzeni ninyi. Mwekeeni sahani yake pahali pa staha.

Wakati wa futari, maji meupe ndiyo yanayompalia zaidi kuliko uji mzito. Tende isagwe na maziwa. Akae wima, ainamishe kidevu kidogo anapomeza, na asisemeshwe akiwa na chakula mdomoni. Mate yakimtoka mpe kitambaa, usimcheke. Na akicheka au kulia ghafla bila sababu, hata kwenye tanzia, jueni hiyo ni sehemu ya ugonjwa. Njia za ubongo za kuzuia kicheko na kilio zimelegea. Swala ataisali akiwa amekaa, akishindwa amelala, kwa ishara. Ulimi ukishindwa, akili mara nyingi ipo, ingawa wapo ambao nayo huguswa. Msizungumze juu yake kana kwamba hayupo chumbani. Andikeni herufi kwenye kadibodi, aonyeshe kwa kidole, na kidole kikichoka aonyeshe kwa macho.

MASWALI

Je, unaambukiza, au unarithiwa?

Hauambukizi. Kula naye, lala naye chumba kimoja. Kwa urithi, kiasi cha mmoja katika kumi ndio wenye historia ya ukoo. Jeni la SOD1 lilijulikana 1993, na jingine liitwalo C9orf72 mwaka 2011. Kama ni babu yako peke yake, na hakuna mwingine katika ukoo, hatari yako si mbali na ya mtu mwingine yeyote.

Mimi ni mwanamke wa miaka 24. Mkono wanicheza mwezi wa pili sasa. Nisubiri mpaka lini?

Fanya hivi, dada yangu. Wiki mbili acha kahawa, lala saa saba kila usiku, kunywa maji ya kutosha baina ya futari na daku. Katika muda huo usiutazame mkono kila dakika. Badala yake tazama kazi zake: je, unafungua kifuniko cha chupa kama zamani? Unakanda unga? Unafunga pini ya mtandio? Ukiona nguvu inapungua, au nyama ya kiganja inazama, au maneno yanakuwa mazito, usingoje wiki mbili kwisha, nenda kesho. Kama nguvu iko vile vile na bado wacheza, nenda pia kwa nafasi yako ukapimwe tezi na madini.

Nikienda kwa daktari nimwambie nini? Wanatupa dakika tano tu.

Andika kabla ya kwenda. Ilianza lini na wapi. Imeenea au imebaki pale pale. Nini ulikuwa ukifanya miezi sita iliyopita ambacho sasa huwezi. Dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba na miraa, usifiche. Kama kuna simu, rekodi video ya mchezo huo, kwa sababu hukataa kucheza mbele ya daktari. Vaa nguo zinazovuka kwa urahisi, mwambie akutazame mabega, mapaja na ulimi. Na karatasi hiyo mwachie, aitie kwenye faili.